Mkono Umefungwa Hogo, Neva Hazijafungwa

Mgonjwa akija kliniki yetu ya fiziotherapia mkono wa kushoto ukiwa umefungwa hogo, yaani plasta ngumu, mazoezi mazito ya kwanza tunayompa ni ya mkono wa kulia. Tunampa chuma cha kilo kadhaa, au dumu dogo la maji kama chuma hakuna, na kumwambia anyanyue kwa bidii. Wengi hunitazama kama mtu aliyechukua faili lisilo lao. "Daktari, ulioumia ni huu."

Ninajua. Mwaka 1894, Edward Scripture na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walimzoeza mtu kuminya mpira kwa mkono mmoja tu. Walipopima mikono yote miwili baadaye, ule uliokaa bure nao ulikuwa umeongeza nguvu. Jaribio hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na kwa wastani upande uliopumzika hupata ongezeko la asilimia 8 hadi 12. Haunenepi hata kidogo, ila unasukuma zaidi. Nguvu hiyo haikutoka kwenye nyama, kwa sababu nyama ya upande ule haikufanya kazi yoyote. Imetoka kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Ndani ya uti wa mgongo zimo seli za fahamu, na kila moja imeshika nyuzi zake za msuli. Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, ndiye aliyetufundisha kuiona seli hiyo na nyuzi zake kama kitu kimoja. Mimi napenda kukiita kikosi. Kwenye misuli inayozungusha jicho, kikosi huwa na nyuzi chache, kama kumi hivi. Kwenye kigimbi cha mguu huweza kuwa na zaidi ya elfu moja. Seli ikitoa amri, nyuzi zake zote hujikaza kwa pamoja, hakuna unaobaki nyuma. Kwa hiyo ubongo ukitaka nguvu zaidi una njia mbili: kuita vikosi vingi zaidi, au kurudia amri kwa kasi zaidi, kutoka mara 8 au 10 kwa sekunde hadi 30 na kupita.

Vikosi haviitwi ovyo. Elwood Henneman wa Harvard alionyesha mwaka 1965 kwamba vidogo hutangulia na vikubwa hufuata mwishoni. Kuinua kikombe cha chai ni kazi ya vidogo. Vile vikubwa, vyenye nyuzi nene na uwezo mkubwa wa kunenepa, huamka mzigo unapokuwa mzito kweli, au mzigo mwepesi unapokaribia kukushinda kwa uchovu. Mtu asiye na mazoea hashindwi tu kwa uchache wa nyama. Hata nyama aliyonayo hajui kuiita yote. Halafu anajipinga mwenyewe: akikunja mkono, msuli wa nyuma unaopaswa kulegea nao unakaza. Neva zilizozoezwa huacha ugomvi huo. Ndiyo maana pale sokoni unamwona mbeba mizigo mwembamba, mbavu zinahesabika, anapokea gunia la kilo 100 mgongoni na kutembea nalo, wakati kijana mwenye kifua kilichojaa anatetemeka magoti chini ya gunia hilohilo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Kijana anaanza jimu, anaenda wiki tano, anasimama mbele ya kioo, haoni kitu, anaacha. Au haachi, anageukia makopo ya unga ya bei mbaya, na wengine sindano za homoni. Ukimuuliza alianza na kilo ngapi, anasema 20. Sasa? 30. Huyo amepata nguvu nusu tena ya aliyokuwa nayo, lakini kioo hakipimi neva. Tangu utafiti wa Moritani na deVries wa mwaka 1979 tunajua kwamba kwa anayeanza, ongezeko la wiki za mwanzo ni kazi ya neva zaidi, na unene wa msuli huja kushika nafasi baadaye. Andika kilo unazonyanyua kwenye daftari. Kioo kisubiri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wazee. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo kutoka nyumba ya kutunzia wazee huko Boston. Watu wenye umri wa miaka 90 hivi walifanya mazoezi ya uzito ya mapaja kwa wiki nane, chini ya uangalizi. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Unene wa misuli ya paja uliongezeka asilimia 9 tu. Linganisha namba hizo mbili, kisha mwangalie bibi yako anayeinuka kitini kwa kushika meza.

Kumbuka na yule wa hogo. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio waliwafunga kifundo cha mkono watu wazima wenye afya kwa wiki nne. Waliokaa tu walipoteza karibu asilimia 45 ya nguvu. Wenzao waliotakiwa kuwaza kwa dhati, siku tano kwa wiki, kwamba wanakaza mkono ule kwa nguvu zote bila kuukaza, walipoteza karibu asilimia 24. Kuwaza tu! Basi tunawapa wagonjwa wetu na zoezi hilo, na huwa nasisitiza wasilifanye huku wanaangalia mpira kwenye televisheni.

Kwa mtu mzima asiye na jeraha, kuzoeza neva kunataka mambo machache. Kwanza jifunze mwendo wenyewe kwa uzito wa kati, unaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 12, kwa wiki kadhaa. Mwendo ukinyooka, ongeza uzito hadi ule unaoweza kuunyanyua mara 4 au 6 kwa ufasaha, na usukume kwa nia ya kwenda kasi hata kama chuma chenyewe kinapanda polepole. Kati ya seti na seti, yaani kila mzunguko wa kunyanyua, pumzika dakika mbili hadi tatu. Vijana wengi hawawezi kusubiri, wanaona ni uvivu, lakini neva iliyochoka inafundishika vibaya. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Usibane pumzi, hasa ukiwa na shinikizo la damu.

Huna chuma? Kupiga pushapu au kuchuchumaa na ndoo hadi ukaribie kushindwa kabisa huamsha vikosi vikubwa pia. Huko Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2012, waliotumia asilimia 30 ya uzito wa juu kabisa wanaoweza kuunyanyua hadi kushindwa walinenepa mapaja sawa na waliotumia asilimia 80. Kwa nguvu tupu, uzito mkubwa ulibaki mbele. Chakula nacho kihusike: dagaa, maharage, mayai, maziwa.

Kuna wakati neva hukataa makusudi. Goti likijaa maji, uti wa mgongo huuzima msuli wa mbele wa paja, hata kama maumivu ni kidogo. Nimeona watu wakijilazimisha kuchuchumaa na goti lililovimba wakidhani wamekuwa wavivu. Shughulikieni uvimbe kwanza, mazoezi mazito baadaye.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni aonane na mtaalamu kabla ya kugusa uzito. Na udhaifu unaokuja ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kutatizika hautibiwi kwa mazoezi wala kukandwa nyumbani. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.