Ukienda porini kwa miguu, anza na upepo

Watu wengi wakija pale geti la Momella kutembea kwa miguu ndani ya Hifadhi ya Arusha, cha kwanza wanauliza simba. Sasa mle ndani anayetuumiza kichwa sisi tunaofundisha waongoza watalii huku Moshi ni nyati, tena sio kundi, ni yale madume mazee yaliyojitenga. Kundi lina macho mengi, linawaona mbali linasogea zake. Dume la peke yake limelala kichakani karibu na maji, halina mwenzake wa kulishtua, mnatokea hatua chache tu mbele yake na yeye anaona njia ya kutoka ni kupitia kwenu.

Ndo maana utaona ranja, yule askari wa hifadhi mwenye bunduki, anasimama anatikisa kisoksi chenye majivu, au anaachia vumbi lianguke, anaangalia upepo unaelekea wapi. Kwenye nyasi za wazi mnatembea upepo ukiwapiga usoni ili twiga asiwanuse mapema. Kwenye vichaka vizito mimi nasema kinyume, bora harufu yenu itangulie, mnyama ajue mnakuja aondoke mwenyewe kwa amani.

Na Mlima Meru una kawaida yake, asubuhi jua likipasha miteremko hewa inapanda, jioni kukipoa inashuka, kwa hiyo mkipanda asubuhi kwenda maporomoko ya Tululusia mara nyingi harufu inawatangulia. Ila usikariri! Kwenye korongo upepo unageuka, upimeni tena na tena. Halafu pale kwenye maporomoko kuna jambo ambalo watu hawaliwazi, maji yanapiga kelele mpaka mnyama hasikii hatua zenu kabisa, hapo ranja akipiga makofi au akiongea kwa sauti mwacheni afanye hivyo.

Mengine mnayajua: mstari mmoja, simu kimya, pafyumu iache nyumbani. Ukisikia ndege wadogo wanaokaa mgongoni mwa nyati wanalia kwa fujo na wewe nyati humuoni, simama hapohapo. Na usikimbie jamani, ukikimbia unaweza kukatiza katikati ya bunduki na mnyama, na ranja anashindwa kukusaidia.

Kabla hamjaanza muulizeni ranja madume yameonekana wapi jana na upepo wa leo ukoje, hayo ni maswali anayafurahia na atawapangia njia kutokana na hayo.