Jenasi mpya ya samaki maana yake nini hasa

Ukisikia wanasayansi wametangaza jenasi mpya ya visamaki vya maji baridi, usidhani lazima kuna mtu kavua kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Mara nyingi samaki mwenyewe anajulikana miaka mingi tu, yuko kwenye chupa ya spiriti makumbusho fulani na jina analo, ila kuna mtu kamchunguza upya akaona huyu hapa alipowekwa sio kwao.

Jenasi ni kama ukoo. Sato kitaalamu ni Oreochromis niloticus, la kwanza ndo jenasi, la pili ndo spishi, yaani aina yenyewe ndani ya ukoo. Zamani aliandikwa Tilapia nilotica, samaki yule yule.

Sasa njoo huku kwetu. Masika yakikolea, bonde la mto Bubu hadi mbuga za Bahi, Dodoma, kunajaa madimbwi na ndani yake unakuta visamaki vya kama sentimita tano hivi, dume karembwa rangi, jike kijivu tu. Kuna watakaokwambia vimeshuka na mvua, kumbe mayai yalikuwa kwenye tope kiangazi chote yanasubiri maji. Kisamaki kimoja kati ya hivyo, mtaalamu wa samaki Hilgendorf alikipa jina mwaka 1905, akakiita Fundulus neumanni, wakati Fundulus wenyewe ni samaki wa Amerika! Leo anaandikwa Nothobranchius neumanni (Hilgendorf, 1905), na hayo mabano sio urembo bwana, yanakwambia aliyempa jina alimweka jenasi nyingine. Nothobranchius yenyewe ilianzishwa na mwanasayansi Peters mwaka 1868.

Kuanzisha jenasi sasa kuna sheria zake: uchapishe, uteue spishi moja iwe kielelezo ambayo jina litaifuata popote iendako, ueleze alama zinazoitofautisha na wenzake, na jina lisiwe limeshatumika kwa mnyama yeyote, hata mdudu. Kwa visamaki vidogo kazi iko kwenye alama. Wanahesabu magamba ubavuni na miiba ya mapezi chini ya darubini, halafu wanamlainisha samaki kwa kimeng'enya mpaka nyama inakuwa angavu unaona hadi ndani, wanamtia rangi, mfupa unatoka mwekundu na gegedu bluu, hapo ndo unaona taya limeungana vipi. Siku hizi na DNA inaongezwa, na mimi naona bila DNA ni ngumu kukuamini maana visamaki vidogo vinafanana hata kama havina undugu wa karibu.

Ila hakuna kipimo kinachosema hapa jenasi inaishia, ni hoja, na wenzako wanaweza kuikataa. Wale perege wadogo wa Ziwa Natron waliwekewa kijijenasi, yaani kikundi kidogo ndani ya jenasi kubwa, kikaitwa Alcolapia mwaka 1969, 1999 wakapandishwa kuwa jenasi kamili, halafu DNA ikaonyesha wako katikati kabisa ya Oreochromis, kwahiyo utakuta huyu anaandika Alcolapia yule anaandika Oreochromis.