Korona na korti za Mombasa: yasemwayo na yaliyokuwa

"Korti zilifungwa."

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na limewatia watu hasarani. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Kenya, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitangaza kwamba shughuli za mahakama zitapunguzwa kwa wiki mbili. Zitapunguzwa, hakusema zitafungwa. Kesi za kawaida ziliacha kusikilizwa na mahabusu hawakuletwa kortini, lakini maombi ya dharura yaliendelea kupokewa na washukiwa wapya wa makosa mazito waliendelea kusomewa mashtaka. Wenye makosa madogo, polisi waliagizwa wawaachilie kwa dhamana kituoni. Hukumu nazo zikaanza kusomwa kwa video au kutumwa kwa baruapepe.

Hata hivyo naelewa kwa nini huku kwetu ilionekana kama kila kitu kimefungwa. Kuanzia 8 Aprili hapakuwa na kuingia wala kutoka Mombasa, na Kilifi na Kwale ziliwekewa amri hiyohiyo. Mtu wa Mtwapa, upande wa Kilifi, mwenye kesi Shanzu, upande wa Mombasa, alitenganishwa na korti yake na daraja tu, na daraja lenyewe halivukiki. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, Mombasa ikangoja hadi 7 Julai, basi huyo wa Mtwapa hakuambulia kitu. Mji wa Kale ndio uliobanwa zaidi. Kwa mwezi mzima tangu 6 Mei mkaazi wake hakuweza kutoka mtaani, na korti za mjini ziko pale pale karibu na Treasury Square, mwendo wa miguu.

"Wakati wa kafyu polisi walikuwa na ruhusa ya kukuweka ndani watakavyo."

Hapana. Serikali haikutangaza hali ya hatari, na Kifungu cha 49 cha Katiba hakikulala: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiisha wakati korti haiketi, basi siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Faini ya kutovaa barakoa, ambayo ilikuwa haizidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, ilikuwa ya kutozwa na hakimu. Askari aliyekuomba "kitu kidogo" kando ya barabara hakuwa akitekeleza kanuni yoyote. Jioni ya 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, abiria wa feri ya Likoni walirushiwa vitoa machozi kabla hata ya saa moja ya kuanza kwake kufika. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir akaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa na polisi zilivunja Katiba.

"Kesi ya kwenye simu si kesi. Nisipoingia, watanifanya nini?"

Watakufanya mengi. Kiungo cha Microsoft Teams (programu ya mikutano ya video) kilichowekwa kwenye orodha ya kesi ni mlango wa korti, na jina lako likiitwa usiitike, umekosa kufika. Katika kesi ya madai, mlalamishi asipokuwepo siku ya kusikilizwa, kesi inaweza kutupwa. Unaweza kuomba irudishwe, lakini uwe na sababu ya maana, na "bando liliisha" mahakimu wameisikia hadi wamechoka. Katika kesi ya jinai hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu dhamana inaweza kufutwa na hati ya kukukamata ikatolewa. Wapo wanaojiliwaza kwamba wakili ataingia kwa niaba yao. Kesi ya madai ikiwa inatajwa tu, yaani inaitwa ili kupanga hatua zake bila kusikilizwa, wakili anatosha. Mshtakiwa wa jinai anatakiwa aonekane mwenyewe, labda korti iwe imemruhusu vingine.

Halafu kuna adabu. Andika jina lako na nambari ya kesi, si jina la simu kama "Infinix Hot 10". Zima kipaza sauti mpaka uitwe. Watu huingia kortini wakiwa ndani ya matatu, muziki juu, kondakta anaita "Kongowea, Kongowea!", kisha wanashangaa hakimu anapowaahirishia hadi mwisho wa orodha. Na usirekodi bila idhini. Hiyo ni korti hata kama umekaa kitandani.

"Wafungwa walihukumiwa gizani."

Katiba inataka kesi isikilizwe hadharani na mshtakiwa awepo. Waliokuwa gereza la Shimo la Tewa walifuatilia kesi zao kwa video, wakiwasikia na kuwaona mahakimu. Mtandao ulikatika, tena sana, na hilo ni la kulalamikia, ila video yenyewe haikuifanya kesi kuwa ya siri. Wanaosema wafungwa "walisamehewa" mwaka 2020 nao wamechanganya mambo: majaji wa Mahakama Kuu walipitia upya vifungo vya wenye makosa madogo. Msamaha ni wa Rais.

"Mwaka 2021 tulifungiwa tena."

Waliofungiwa walikuwa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, mwishoni mwa Machi. Mombasa haikuwemo.

"Korona imeisha, tumerudi kama zamani."

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini kompyuta zilibaki. Kuwasilisha kesi kwa mtandao kulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na Machi 2024 kukatangazwa kwa nchi nzima. Mzee anayekwenda masjala na bahasha yake ya kaki sasa huelekezwa saiba akaskani. Kesi nyingi za kutajwa tu husomwa kwenye skrini, ilhali mashahidi mara nyingi huitwa wafike wenyewe. Usibahatishe. Jioni ya kuamkia siku yako fungua orodha ya kesi, tafuta nambari yako, uone kama umewekewa kiungo au nambari ya chumba, na kama huoni vyote viwili, mpigie karani kabla hujapanda feri.