Kabla hujaandika "wananchi walishirikishwa"

Kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniletea ripoti ya mafunzo kwa vitendo yenye sentensi hii: "Wananchi walishirikishwa kikamilifu." Naizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: nani alisema nini?

Nafundisha masomo ya maendeleo, ile kozi ambayo vyuoni kwetu wanaiita DS na wengi wanaiona ya kujazia ratiba tu. Kumbe imetoka kwenye ugomvi. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ikiwemo kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere akawatimua zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha, na chuo kikabanwa kujieleza kinasomesha kwa faida ya nani. DS ni mtoto wa swali hilo. Kuifundisha kwa slaidi peke yake naona ni kuidhulumu.

Ndiyo maana huwapeleka vijana wangu kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kisheria hiki ni chombo kizito kuliko watu wanavyodhani. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Halmashauri ya Kijiji, yenye watu 15 hadi 25, inawajibika kwake, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano haujaridhia. Mama aliyekaa pale kwenye mkeka ana kauli juu ya ardhi ile. Mimi na shahada zangu sina. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kukaa nyuma na kunyamaza. Wale mahodari wa midahalo huumia sana.

Kazi yao ni kuandika: ajenda gani, nani kasimama, kaongea dakika ngapi. Basi.

Safari moja tulikaa chini ya mwembe, mkutano uliitwa saa nne ukaanza saa sita. Mapato na matumizi ya miezi mitatu yalisomwa kwa dakika nne, namba zikifuatana kama treni. Mwenyekiti akauliza, "Kuna swali?" na kabla hajameza mate, "Haya, tunaendelea." Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, lakini hadi hapo hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua kinywa. Waliamka kwenye mengineyo, jua likiwa limeshapinda na nusu ya watu wakikung'uta nguo waondoke. Hapo ndipo bibi mmoja aliposimama kuuliza mabati ya zahanati yaliyosomwa mwanzoni yako wapi, maana yeye anakaa jirani na zahanati na hajayaona.

Wanafunzi wangu walikuwa wameshafunga madaftari. Kwao mengineyo si ajenda. Ukiniuliza, pale ndipo somo lilipoanzia: kushirikishwa ni kuitwa ukae mwembeni, kushiriki ni swali lako kujibiwa wakati bado kuna watu wa kusikia jibu. Kiswahili kimetutenganishia maneno hayo mawili, sisi wasomi tunayachanganya.

Mtendaji alijibu kwamba suala limepokelewa. Mkutano ukafungwa kwa sala. Bibi akamfuata msichana mmoja wa kundi letu. "Mjukuu wangu, umeandika swali langu?" Msichana akafungua daftari upya, akaandika amesimama.

Kikao kilichofuata tulirudi, na kama kawaida ukasomwa muhtasari wa kikao kilichopita. Nilikuwa nimemtega sikio katibu. Chini ya mengineyo kulikuwa na mstari mmoja: "Wananchi walitoa maoni mbalimbali." Ilipofika yatokanayo, bibi alikuwa ameshanyoosha mkono.