Je, wajua kwa nini mifupa hupungua uzeeni ilhali haiachi kujengwa?

Mfupa wa mtu aliye hai si nguzo ya zege iliyosimikwa ikaachwa. Hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Basi iweje mzee ajikwae kidogo tu, nyonga ivunjike?

Tatizo limo kwenye mwendo wa kazi yenyewe. Seli ziitwazo osteoklasti hujibandika juu ya mfupa, humwaga asidi ya kuyeyusha madini na vimeng'enya vya kula kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoushikilia mfupa, kisha huondoka zikiacha kishimo. Kazi hiyo huchukua wiki chache. Ndipo huja osteoblasti kukijaza kishimo kwa kolajeni mpya na kuikaza kwa kalisi, na hizo huhitaji miezi kadhaa. Ujanani hakuna shida, kwani kilichochimbwa hurudishwa chote.

Miaka 30 na ushei ikishapita, kishimo hujazwa lakini hakifiki ukingoni. Wajenzi wamepungua, na sababu mojawapo hunishangaza kila nikiifikiria: seli za uboho ambazo zingekuwa osteoblasti huelekea zaidi kugeuka seli za mafuta. Upungufu wa kishimo kimoja ni mdogo mno, ila vishimo havihesabiki.

Kwa wanawake kuna pigo jingine. Homoni ya estrojeni ndiyo breki ya osteoklasti. Hedhi ikikoma breki inaachia, na sehemu nyingi huchimbwa kwa wakati mmoja. Miaka 5 hadi 10 ya mwanzo ndiyo mikali zaidi. Wanaume nao huihitaji homoni hiyo hiyo, ila kwao hushuka polepole.

Pasua pingili ya mgongo uitazame ndani: utaona vijiti vyembamba vilivyoshikana kama sifongo. Seli hizi hufanya kazi juu ya uso wa mfupa, na sifongo ni uso mtupu, kwa hiyo huko ndiko uharibifu huanzia. Kijiti kikiwa chembamba bado huweza kunenepeshwa. Kikishakatika, osteoblasti hazina pa kusimama, na pengo hubaki pengo. Pingili ya namna hiyo huweza kubonyea bila maumivu yoyote, mwenyewe asijue, mpaka siku gauni lake la miaka yote linapoanza kuburuta chini.