Seli shina za kitovu na kuponya ngozi: maana yake

Mtoto akishazaliwa, kitovu chake hubanwa sehemu mbili na kukatwa katikati. Kipande kinachobaki kwenye kondo la nyuma kwa kawaida hutupwa. Ukikikata na kukitazama kwa karibu utaona mishipa mitatu ya damu, na kuizunguka kuna ute mzito, mweupe, unaoteleza. Ute huo huitwa jeli ya Wharton, kwa jina la Thomas Wharton, daktari Mwingereza wa karne ya 17. Humo ndimo zinamopatikana seli shina zinazotajwa sana katika tiba ya ngozi.

Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu: hujigawa ikazaa nyingine kama yenyewe, au ikazaa seli za aina fulani. Hizi za kwenye ute zisichanganywe na zile za damu ya kitovu, ambazo kazi yake ni kutengeneza damu, na ambazo zilipandikizwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Paris mwaka 1988.

Ngozi nayo ina seli shina zake, chini kabisa ya tabaka la juu na kwenye mashina ya nywele. Ndizo zinazofanya mkwaruzo upone wenyewe. Moto ukiunguza hadi chini, seli hizo huteketea. Kidonda hubaki kujifunga kutoka pembeni tu, polepole, na kuacha kovu gumu linalovuta kiungo.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani seli za kitovu hugeuka ngozi mpya. Seli za kitovu zikiwekwa kwenye kidonda, ni chache mno zinazogeuka ngozi, na nyingi hufa baada ya muda mfupi. Ila kabla ya kufa hutoa protini zinazotuliza uvimbe, zinazochochea mishipa midogo ya damu iote, na zinazoziita seli za mgonjwa mwenyewe zije kuziba pengo. Kwangu mimi, huo ndio uzuri wa jambo hili: anayeponya ni mwili wa mgonjwa.

Kwa wanyama wa maabara matokeo yanatia moyo. Kwa binadamu bado ni majaribio. Marekani, kwa mfano, imeidhinisha tiba za damu ya kitovu kwa maradhi ya mfumo wa damu, si kwa ngozi. Kwa hiyo tafadhali usitoe pesa yako kwa krimu inayodai ina seli shina hai. Seli hizo huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndani ya kopo rafuni haziishi.