Hospitali teule na mkataba wa huduma: halmashauri inaponunua huduma za uzazi

Ukifika Muheza mkoani Tanga ukauliza hospitali iko wapi, utaelekezwa "Teule". Cheo kimegeuka jina. Hospitali yenyewe ni ya Kanisa la Anglikana, lakini kwa miaka mingi imebeba kazi ya hospitali ya wilaya. Sengerema mkoani Mwanza nako hospitali teule ni ya Kanisa Katoliki. Zipo nyingine za Walutheri na za madhehebu mengine, hasa katika wilaya ambazo serikali haikuwa na hospitali yake.

Hospitali teule, basi, ni hospitali isiyo ya serikali ambayo serikali imeiteua kwa maandishi itoe huduma za ngazi ya wilaya. Utaratibu huu ulianza miaka ya 1970. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambayo mpaka leo huyasemea makanisa katika mambo ya afya na elimu. Baadaye ukaja mkataba wa huduma, unaowekwa saini na halmashauri upande mmoja na mmiliki wa hospitali upande wa pili, kwa mfano dayosisi au jimbo. Serikali huleta baadhi ya watumishi au mishahara yao, ruzuku, na sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili. Mmiliki huleta majengo, vifaa na uongozi wa kila siku.

Watu wengi, wakiwemo madiwani, huuona mkataba huu kama msaada ambao serikali inawapa masista na wachungaji. Mimi sikubaliani nao. Halmashauri hapa ni mnunuzi. Inanunua huduma kwa niaba ya wakazi wake, na mnunuzi ana haki na wajibu wa kujua ananunua nini, kiasi gani, kwa bei gani, na kipi hakimo kwenye kapu. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na katika afya ya uzazi ndicho kinachouma.

Kabla ya kununua lazima kupanga. Kila halmashauri Tanzania Bara huandaa Mpango Kabambe wa Afya wa mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Zahanati na vituo vya afya huandaa mipango yao, kamati za usimamizi za vituo huipitia, kisha timu ya Mganga Mkuu wa Wilaya huikusanya. Mpango huenda kwa Bodi ya Afya ya Halmashauri, Baraza la Madiwani, mkoa, halafu TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, na Wizara ya Afya. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo vya umma hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo mpango wa zahanati umekuwa na uzito ambao zamani haukuwa nao. Katika timu ya wilaya yumo mratibu wa afya ya uzazi na mtoto. Ukitaka kujua mpango wa uzazi umekaaje, muulize yeye kwanza.

Malighafi ya mpango huo ni vitabu vya MTUHA, mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya vituoni. Kitabu namba 8 ni cha uzazi wa mpango, namba 12 ni cha wodi ya wazazi. Humo ndimo mahesabu yanapotoka. Chukua wilaya ya watu 300,000, na tuseme kila watu 1,000 wanapata vizazi 35 kwa mwaka. Hivyo ni vizazi 10,500. Shirika la Afya Duniani kwa muda mrefu limetumia kiwango cha upasuaji cha asilimia 5 hadi 15 ya vizazi kama kipimo cha kwamba wanaohitaji kupasuliwa wanapasuliwa. Kwa kile cha chini kabisa, wilaya hiyo inahitaji upasuaji wa uzazi 525 kwa mwaka, yaani kumi kila wiki, usiku na mchana, Pasaka na Idi. Kwa hiyo mkataba unaosema tu kwamba "hospitali itatoa huduma za mama na mtoto" haujasema kitu. Unaofaa utataja chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24, wataalamu wa usingizi wanaopokezana zamu, damu salama iliyopo kwenye jokofu, na gari la kuchukua wagonjwa kutoka zahanati.

Kisha kuna pesa. Sera ya Tanzania inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mteja wa uzazi wa mpango hawalipi. Asiyelipa ni mama. Nyuzi, dripu, dawa ya usingizi na glavu zina mwenye kuzilipia. Kwenye kituo cha serikali gharama hiyo hujificha ndani ya bajeti. Kwenye hospitali teule inaonekana wazi, kwa sababu mmiliki hana hazina ya kujificha nyuma yake. Ruzuku ikichelewa, mama ataambiwa anunue vifaa duka la dawa la ng'ambo ya barabara, na msamaha wa sera utabaki ukutani ulipobandikwa. Mkataba usiosema nani anafidia upasuaji wa mama asiyelipa, na ndani ya muda gani, unapanda ugomvi.

Sasa lile lisilomo kwenye kapu. Kanisa Katoliki halikubali njia za kisasa za kupanga uzazi, na hospitali zake kwa kawaida hufundisha njia za asili. Hilo si siri wala si kosa la mtu. Mmiliki ana imani yake na serikali ilijua hivyo ilipotia saini. Lakini mama aliyejifungua mtoto wa sita kwa upasuaji na akataka kijiti cha chini ya ngozi ya mkono au kitanzi kabla hajarudi nyumbani, anavipata wapi? Kama hospitali teule ndiyo hospitali pekee ya wilaya, jibu lazima liwe limeandikwa mapema. Liwe zahanati ya serikali iliyo jirani, yenye muuguzi aliyefunzwa na siku zinazojulikana, au kliniki ndogo ya halmashauri nje ya uzio wa hospitali, au shirika lililopewa kazi ya huduma za mkoba, linalozunguka vijijini kwa ratiba. Njia zote hizo zinawezekana. Isiyofaa ni kunyamaza, kisha mama anaambiwa "hapa hatutoi" bila kuonyeshwa panapotolewa.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwenye takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 52 mkoani Lindi na asilimia 7 Kusini Pemba. Tofauti kama hiyo ina sababu nyingi, za mila, dini na umbali, na Pemba hospitali za kanisa hazihusiki hata kidogo. Inatosha kuonyesha kwamba wastani wa taifa hauwezi kumpangia mtu wa wilaya. Wilaya ihesabu watu wake yenyewe: wanawake 200 wa sindano kwenye zahanati moja, kila mmoja akichomwa kila miezi mitatu, ni dozi 800 kwa mwaka, bila akiba. Bohari ya Dawa ya serikali ikikosa baadhi ya bidhaa, kituo cha umma hugeukia mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo, na hilo nalo lipangiwe fedha.

Ulaya hawajalikwepa tatizo hili. Uingereza, upande wa England, tangu Aprili 2013 mabaraza ya mitaa ndiyo hulipia kliniki za uzazi wa mpango na upimaji wa magonjwa ya zinaa, matibabu ya VVU yakawekwa chini ya mamlaka ya taifa ya huduma za afya, na utoaji mimba na kufunga kizazi vikaachiwa vyombo vya afya vya eneo. Mwanamke mmoja, mifuko mitatu. Fedha zao ni nyingi kuliko zetu, ila swali wanalojiuliza ni lilelile: nani anawajibika pale huduma moja inapoishia na nyingine kuanza?

Kwetu mambo yamebadilika tena. Katika bajeti ya 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali 67 za wilaya, na pale jengo jipya linapofunguliwa, hospitali teule hujikuta na jirani mwenye kazi ileile. Watumishi wa serikali huweza kuhamishwa, ruzuku ikapungua, mkataba ukaandikwa upya au ukafa. Wakati wa kukabidhiana watu huhesabu vitanda, magari na majokofu. Mara chache wanahesabu wateja. Wodi ya wazazi ikihama, barua hutoka na kata zote zinajua. Vijiti havina barua. Mwanamke aliyewekewa kijiti cha miaka mitano na timu ya mkoba iliyokuwa ndani ya mkataba wa zamani bado anatembea nacho, na siku akitaka kitolewe atahitaji muuguzi anayejua kukitoa na koleo ndogo ya kukitolea. Mipango mingi huweka lengo la vijiti vitakavyowekwa. Safu ya vitakavyotolewa haimo. Kwenye mkataba mpya iongezwe, pamoja na jina la kituo.